Mashine ya Marekani na Stabilaiza ya Rhotia

Petro na Rehema wameniomba niandike. Hao ndio niliowaachia meza yangu ya ufundi pale Karatu, macho yangu yalipoanza kuona waya mmoja kama miwili, na ule mwembamba kutouona kabisa. Wanasema kuna mambo ninayajua ambayo hayamo kwenye simu zao. Sina uhakika. Wiki iliyopita Rehema alinipigia kuniuliza afanye nini na mteja aliyenunua mashine mpya ya gemu. Mashine haiwaki mpaka mwenyewe achague nchi anayoishi, na Tanzania haimo kwenye orodha. Nikamwambia amwulize mteja ana shangazi nchi gani, achague hiyo. Huo ndio utaalamu uliobaki kichwani mwangu.

Vyeo sitavisimulia kwa sababu havikuwepo. Dukani kwetu kulikuwa na cheo kimoja tu, nacho kilikuwa kile kiti chenye mahali pa kuegemea. Nilikirithi mguu mmoja ukiwa umeshavunjika.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Elifuraha, Mchaga wa Machame aliyekuja Karatu kutafuta maisha akatukuta sisi. Siku ya kwanza nilifika dukani nimevaa sketi ya kanisani, nikidhani nitakabidhiwa bisibisi. Nilikabidhiwa brashi ya kupakia rangi. Kwa wiki mbili kazi yangu ilikuwa kutoa vumbi ndani ya redio. Lami ilikuwa bado haijafika, na kila redio ya Karatu ilikuwa na shamba dogo tumboni. Kuna moja niliyoifungua nikakuta harage limechipua. Mzee akalitazama vizuri, akasema, "Hii betri zake nzima, inahitaji palizi."

Wateja wengi waliingia wakauliza, "Fundi yuko wapi?" na mimi nimekaa mbele yao nimeshika chuma cha moto cha kulehemu mkononi. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nikawa nawajibu kwamba fundi ametoka, wasubiri, halafu naitengeneza redio mbele ya macho yao wakiwa wanamsubiri. Wawili watatu walisubiri mpaka nikamaliza, wakalipa, wakaniambia nimsalimie.

Mzee Elifuraha alikuwa mpole kwa mambo yote isipokuwa moja. Hakutaka mtu aguse tumbo la kifaa kabla ya kusoma mgongo wake. Pale nyuma, kwenye kile kibandiko kidogo, kumeandikwa kinataka volti ngapi na kimetengenezwa kwa ajili ya watu wa wapi. Nilinakili vibandiko hivyo kwenye daftari mpaka daftari la tatu. "Binti," alikuwa akiniita hivyo hata nilipokuwa na watoto watatu, "kila mashine ina kwao. Ukiifungua bila kujua kwao, unamsalimia Mmeru kwa Kiiraqw. Atakutazama tu."

Maneno hayo niliyaelewa siku gemu zilipoanza kuingia mjini. Mnajua desturi yetu. Mgeni wa mbugani akimaliza safari yake, akiwa amemwona faru na machozi yanamlengalenga, humwuliza dereva amletee nini akirudi mwakani. Zamani madereva waliomba viatu na darubini. Halafu watoto wao wakaanza kuomba gemu, nao wakawaomba wageni gemu. Mjapani akaleta ya Japani, Mjerumani ya Ujerumani, Mmarekani ya kwao. Hivyo ndivyo Karatu ilivyopata mashine kutoka kila pembe ya dunia, na hakuna hata moja iliyosikilizana na mwenzake.

Ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya Bonifasi, dereva mmoja mwenye sauti kubwa, na ilikuwa imetoka Japani. Aliiunganisha na televisheni yake kwa kishusha umeme alicholetewa pamoja nayo, akapata picha isiyo na rangi inayopanda juu bila kusimama. Mpira ulipoingia golini, goli lilikuwa limeshapaa. Timu zote mbili zilikuwa za kijivu.

"Mimi nililetewa ya rangi!" Bonifasi alifoka.

"Ni ya rangi," Mzee alimjibu. "Televisheni yako ndiyo haielewi rangi za Wajapani."

"Kwani rangi nazo zina lugha?"

"Zina lugha, baba. Na ya kwako haijasafiri, inajua moja tu."

Mzee alizunguka siku tatu akisoma migongo ya televisheni za watu. Hatimaye akaipata iliyoandikwa kwamba inapokea mifumo yote, nayo ilikuwa buchani, juu ya friji, mahali pa nyama choma. Bonifasi akahamishia gemu buchani. Alirudi nyumbani kila jioni ananukia moshi, na mkewe akaja dukani kuniuliza nimwambie ukweli kama mwanamke, je, kule kuna gemu au kuna mtu. Nikamwambia kuna gemu. Hakuniamini, akaenda kujionea. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akimfunga mabao, na Bonifasi akaanza kuwahi kurudi nyumbani.

Kisha kulikuwa na Lemayan, mwenye kiduka kule Nainokanoka. Alikuja na mashine ya Kijerumani iliyopitia mikono ya madereva watatu, na alitaka kuitumia kwa betri ya sola iliyokuwa inawasha taa tano na kuchaji simu za majirani. Nilimpa kifaa cha kugeuza umeme wa betri, nikamwonya kwamba betri yake itaichezesha hiyo mashine na televisheni kwa dakika kumi na moja tu. Niliipima mwenyewe. Baada ya mwezi nikamwona anaingia dukani, shuka lake la rubega limelowa mvua, nikajiandaa kugombana.

"Yeyo," aliniambia, maana ndivyo Wamasai wanavyomwita mama, "mpira wa kwenye redio una dakika tisini na hawafungani. Huu una dakika kumi na moja, wamefungana sita. Umefanya vizuri."

Alikuwa amekuja kunishukuru, na kununua balbu.

Sasa niwaambie kosa langu, lile ambalo Petro hupenda kulisikia na mimi sipendi kulisimulia. Ni la miaka michache tu iliyopita, nilipokuwa na kiti cha mzee na jina mjini, kwa hiyo siwezi kusingizia ugeni.

Emanueli wa Rhotia ni dereva wa watalii. Msimu ukichanganya, anashinda Kreta ya Ngorongoro na Serengeti, na nyumbani anapita kubadilisha nguo. Mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zilipoanza na wageni wakapungua, alikuja dukani mikono mitupu. Hakuwa na redio wala simu ya kutengeneza. Alikaa kwenye benchi la wateja, akavua kofia.

"Mama Fundi, mwanangu hanijui," alisema.

Nilimfahamu binti yake, Fausta. Alikuwa amemaliza darasa la saba, na Januari angekwenda shule ya bweni, mbali.

"Ananiamkia vizuri," Emanueli aliendelea. "Ananiletea maji ya kunawa. Ananiuliza kama chumvi inatosha. Halafu anarudi jikoni. Ananihudumia vizuri kuliko hotelini, lakini hana neno la kuniambia, na mimi sina la kumwambia. Mama yake anasema akienda kwa binamu zake mjini kucheza gemu, anacheka mpaka anaanguka chini. Mimi sijawahi kumwona ameanguka. Nina wiki sita, kisha wageni wa Krismasi wananichukua. Nikirudi, ameshaondoka."

Alikuwa amemwomba mgeni mmoja Mmarekani mashine ya gemu, na mgeni alikuwa amemletea ile ambayo watoto wake walikuwa wameichoka. Ilikuwa nyumbani, bado ndani ya boksi. Nilimwambia aiunganishe, na akikwama anipigie.

Alinipigia siku ya mnada. Mnajua duka linavyokuwa siku ya mnada. Nilikuwa na watu tisa mbele yangu, simu nimeibana kwa bega, na mama mmoja alikuwa ananieleza ugonjwa wa pasi yake tangu ilipozaliwa.

"Mama Fundi, hii mashine ni ya Marekani. Mimi nina stabilaiza kubwa, imeandikwa inapokea kuanzia volti tisini. Nichomeke humo?"

Kwetu stabilaiza ndiye mkwe mwenye busara. Umeme ukipanda, ukishuka, ukikasirika, kesi inapelekwa kwake, friji linalala salama. Maishani mwangu nilikuwa nimeshawaambia watu mia kadhaa wachomeke kwenye stabilaiza, na hakuna aliyerudi kunilaumu.

"Chomeka tu," nikamwambia.

Vijana, someni hapa polepole. Stabilaiza inapokea volti tisini, ni kweli. Lakini kazi yake yote hapa duniani ni kuzichukua hizo tisini na kuzitoa upande wa pili zikiwa mia mbili na ishirini. Mashine ya Marekani inataka mia na ishirini, basi. Stabilaiza ya Emanueli ilikuwa nzima, ya kampuni nzuri, ikaipa mashine mia mbili na ishirini safi, bila kutetereka hata kidogo. Laiti ingekuwa mbovu.

Kesho yake baada ya misa Emanueli alikuja na mashine imefungwa ndani ya sweta la shule. Niliisikia harufu kabla hajaifungua.

"Labda nilichomeka vibaya," alisema. "Tulikuwa tumekaa naye kochi moja, Mama Fundi. Kochi moja! Ikafanya pwaa, moshi ukatoka. Akasema 'Pole, baba,' akaenda jikoni."

Angenitukana ningepata nafuu. Nilimwambia ukweli, kwamba yeye alichomeka sawasawa na mimi ndiye niliyejibu bila kusoma mgongo. Akaniuliza kama imekufa. Nilimwambia aende nyumbani, nitampigia. Usingizi wangu wa mchana, ambao kwa umri wangu ni haki yangu, siku hiyo sikuupata.

Mungu alikuwa upande wa Emanueli. Kilichoungua ni kile kiboksi cha pembeni kinachoshusha umeme, na mashine yenyewe ilikuwa nzima. Mgongo wake, ambao sasa niliusoma mara tatu kwa miwani na mara moja bila miwani, ulisema inataka volti kumi na mbili. Volti kumi na mbili nilikuwa nazo. Hoteli moja kule juu ilikuwa imefunga kamera za ulinzi ili kuwazuia nyani wasiingie jikoni, nyani wakaanza na kamera. Zilipoletwa kwangu zilikuwa hazifai hata kwa kuchezea, ila adapta zake nilizitunza kwenye droo. Nikakata waya wa adapta moja, nikaunga na ule wa Mmarekani, nikapima chanya na hasi. Nikawasha. Taa ya kijani.

Nilimpigia Emanueli aje na diski. Alikuwa amenunua ya mpira wa miguu Arusha, mpya, bado ina nailoni. Tukaitia. Mashine ikaizungusha, ikafikiri, ikaitema.

"Imesemaje?" aliuliza.

"Imesema hii diski ni ya Ulaya na yenyewe ni ya Marekani. Haiisomi."

"Lakini ni diski. Ni ya duara. Imeingia."

"Emanueli, wewe ukifika getini na kibali cha hifadhi nyingine, gari si linaingia mpaka kwenye kizuizi?"

Akaguna. "Aa. Haina kibali."

"Haina kibali."

"Na hakuna wa kuongea naye vizuri pale ndani?"

Nilimwambia hakuna. Hilo lilimuuma kuliko moshi, maana Emanueli hajawahi kukutana na geti ambalo hawezi kuongea nalo vizuri.

Habari zikawafikia madereva wenzake, na madereva wetu wana huruma kupita akili. Ndani ya siku nne nililetewa diski kumi na moja. Za Wajerumani, za Wafaransa, mbili za Wajapani, na moja iliyokuwa ya mafunzo ya kupika keki. Nilizijaribu zote kwa sababu waliozileta walikuwa wamesimama dirishani wakitazama. Zote zilitemwa. Bonifasi, ambaye sasa ni mzee lakini sauti ni ileile, alisema wazi kwamba tangu ya kwake ya kijivu alijua hizi mashine zina ubaguzi.

Basi wakaandikiana kwenye kundi lao la simu: nani anapokea Mmarekani kabla ya Krismasi? Kwa mara ya kwanza katika historia ya Karatu nikaona madereva wakigombea Wamarekani wakati bahasha ya bakshishi ya mwisho wa safari haimo kwenye mazungumzo. Mmoja alikuwa na familia inayokuja katikati ya Desemba. Ofisi yao ikawaandikia wale wageni, ikawaomba diski moja ya mashine aina hiyo. Wageni wakauliza, diski ya nini? Karani wa ofisi, mtu mwema asiyejua gemu, akajibu kwamba ni ya mtu anayependa sana wanyama wa porini.

Diski ilifika dukani siku tatu kabla Emanueli hajaondoka na wageni wake wa Krismasi. Kwa simu sikuthubutu tena. Nilipakia mashine, adapta ya nyani na diski kwenye begi, nikapanda bodaboda hadi Rhotia, matope hadi kwenye magoti. Ilikuwa saa tisa alasiri. Mama Fausta aliondoa vitambaa vyote vya kufuma juu ya televisheni, nikausoma mgongo wake nikakuta inapokea mifumo yote, akaniletea chai, akaniuliza kama leo nyumba itabaki. Nikamwambia nyumba itabaki. Stabilaiza niliigeuza iangalie ukutani.

Fausta aliniamkia, akakaa ukingoni mwa kochi, tayari kuondoka. Emanueli alikuwa amevaa shati la pasi. Nilitia diski. Ikazunguka. Nilikuwa nimeshika kalamu ya kupimia umeme, nikagundua ninaiuma. Diski haikutemwa.

Ikatokea picha nzuri ajabu, msitu mrefu na theluji mlimani. Kisha akatokea mwanaume mwenye kofia, na mikononi mwake ana bunduki. Chini kumeandikwa kwa Kiingereza: "Ua wanyama kumi."

Emanueli akaachia kidude cha kuchezea kama kimemchoma.

"Bunduki? Mimi?"

"Ni gemu tu, Baba Fausta," mkewe alisema.

"Miaka kumi na tisa nawaambia watu wasitupe hata ganda la ndizi, leo nipige mnyama sebuleni kwangu? Hapana. Hii siwezi." Akanigeukia, na uso wake ulikuwa umeanguka kabisa. "Basi, Mama Fundi. Umejitahidi. Zima tu."

Nilisikia uchungu ambao siwezi kuueleza. Umeme tulikuwa tumeushinda, na kibali tulikuwa tumekipata. Nikanyoosha mkono kuzima.

"Baba, subiri," Fausta alisema. Alikuwa anasoma maandishi ya pembeni, midomo inacheza. "Hapa kuna kitufe cha darubini. Si lazima tupige. Tunaweza kutazama tu."

Akakichukua kile kidude. Akasogea katikati ya kochi ili aone vizuri. Yule mtu mwenye kofia akaweka bunduki begani, akainua darubini, na kati ya miti akatoka mnyama mkubwa wa kahawia, pembe zimepanda na kutawanyika.

Emanueli anamjua kila mwenye mkia kutoka Kakesio hadi ukingo wa Kreta. Huyu hakumjua.

"Huyo ni nini?" aliuliza. "Kongoni amebeba kuni?"

Fausta alicheka. Si sana, lakini alicheka. "Anaitwa elki, baba."

"Anakula nini?"

"Ngoja nisome. Majani, na magome ya miti."

"Dume huyo?"

"Dume. Usipige kelele, ana masikio."

Emanueli akainama mbele, akashusha sauti. "Na huku kwenu kuna simba?"

"Kuna dubu, baba. Simba hakuna."

"Tunaruhusiwa kushuka kwenye gari?"

"Hapana. Kaa ndani."

"Hatuna gari."

"Kaa ndani hivyohivyo!" Fausta alisema, akacheka mpaka akateleza kutoka kwenye kochi, akaanguka sakafuni kwenye mkeka, kidude kikiwa bado mkononi. Baba yake alikuwa amemshika kwa sweta asigonge meza, naye anacheka, hajui kwa nini.

Mama Fausta alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, ameisahau. Mimi nilikusanya bisibisi zangu. Hakuna aliyeniaga, na nilifurahi. Nilikuwa kibarazani nikihangaika na mabuti yangu nilipomsikia Emanueli akiuliza, kwa adabu ya wageni wake, kama kesho anaweza kupelekwa tena porini.

"Saa kumi na mbili kamili asubuhi," Fausta alimjibu. "Na uvae sweta. Ukichelewa tunakuacha."